Shangazi, matiti yananiuma mpaka usiku silali

Shikamoo shangazi. Pole na majukumu. Naomba unisaidie mana nimefika mahali sijui nimwambie nani, mama nikimgusia ataanza maswali mengine kabisa, na rumeti wangu ndo kanitisha zaidi.

Mimi ni binti wa miaka 21, nasoma chuo hapa Dodoma, mwaka wa pili. Tatizo langu ni maumivu ya matiti. Yalianza kama miezi 4 iliyopita, mwanzo nikachukulia kawaida mana toka zamani nikikaribia siku zangu huwa yanajaa kidogo, ila saivi imezidi. Yaani wiki nzima kabla ya hedhi matiti yote mawili yanakuwa mazito kama yamejazwa mchanga, yanauma kwa pembeni huku kuelekea kwapani, nikishuka ngazi za ukumbi wa lekcha nakumbatia kifua kwa mikono watu wanadhani nasikia baridi. Kulalia tumbo nimeshasahau. Juzi nilipanda bajaji, tukapita kwenye matuta, mkanda wa begi ulikuwa umekatiza kifuani, nikajikuta natoa machozi mbele ya dereva mpaka akapunguza mwendo akaniuliza dada vipi.

Hedhi ikianza, siku ya pili au ya tatu yanapoa nasahau kabisa, mwezi ukizunguka yanarudi tena. Ila mwezi huu ndo nimechanganyikiwa, siku zangu zilitakiwa zianze wiki iliyopita, leo ni siku ya 9 sijaona kitu na matiti yanauma bila kupumzika, chuchu ikiguswa tu na tisheti nasikia kama moto. Nitakuwa mkweli kwako shangazi, mwezi uliopita nilimeza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mara mbili.

Rumeti anasema ni saratani, eti kwa sababu naweka simu na hela kwenye sidiria. Dada mmoja wa floo yetu anasema ni kulala na sidiria, mwingine akasema ni mpenzi wangu anayashika sana ndo anayaharibu. Nimekanda na maji ya moto, nimechua na mafuta ya kuchulia, nimenunua vidonge vya rangi mbili duka la dawa nikameza siku 3 nikaacha mana sikuona tofauti.

Nilishaenda zahanati moja shangazi. Nilimkuta kaka mmoja kijana, kabla hata sijamaliza kujieleza akaniuliza "kwani hayo nani anayachezea?" wakacheka na mwenzake aliyekuwa anaandika pale mezani. Nikasema basi naumwa kichwa, akaniandikia panadoli nikaondoka. Tangu siku hiyo sijarudi na sitaki kurudi.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni bibi mzaa mama. Alifariki na kidonda cha ziwa nikiwa darasa la nne, nakumbuka hata harufu ya chumba chake, na wakubwa walikuwa wanasema amerogwa na mke mwenzie. Sasa usiku nikilala namuona yeye.

Alafu kuna kitu kingine kidogo, titi la kushoto upande wa nje chini ya chuchu kuna kama kigololi, nilikigusa nikiwa naoga, kinateleza teleza. Ila hicho hakiumi kwaiyo sio ishu, kipo toka mwaka jana. Mimi ninachotaka ni dawa ya maumivu.

Nisaidie shangazi, hii ni saratani au ni nini, na nitumie dawa gani isiyo na madhara? Naomba usinitaje jina.

Binti yako, Dodoma

—

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya kuumwa na pole ya kuchekwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Hilo la zahanati nitalirudia.

Barua yako nimeisoma mara 3. Maumivu umeyaeleza vizuri mpaka nimeona ile bajaji na yale matuta, lakini kigololi umekipa mistari miwili, tena mwishoni, tena umeniambia sio ishu kwa sababu hakiumi. Nisamehe mwanangu, mimi naanza na hicho hicho. Nimekuwa nesi miaka 22 kabla ya kustaafu, nyingi nimezimalizia wodi ya wanawake, na neno "hakiumi" nimelisikia kutoka kwa wanawake ambao kama kingewauma wangekuja mapema na leo wangekuwa wanalea wajukuu.

Mmoja wao ni dada yangu wa tumbo moja. Alikuwa anauza vitumbua asubuhi, mwanamke wa nguvu, ana miaka 38. Akaona kivimbe ziwani akiwa anaoga kama wewe, hakikumuuma, akasema kikianza kuuma nitaenda. Mimi nesi, nafanya kazi mkoa mwingine, hakuniambia. Alikaa nacho mwaka na nusu. Nilipoenda likizo nikaona kila saa anafunga kanga kifuani hata jikoni kwenye joto, na kwenye blauzi upande mmoja kuna doa la majimaji, nikamfungia mlango wa chumbani nikamwambia dada vua. Ngozi ya ziwa ilikuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, chuchu imevutwa ndani, na kwapani kuna uvimbe nikiugusa hausogei. Hata siku hiyo aliniambia hakiumi sana. Tulifika Ocean Road, ile hospitali ya saratani pale Dar, na wakamhudumia kwa walivyoweza, ila ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Tulimzika mwaka uliofuata.

Sikusimulii haya ili usilale leo. Kigololi chako, kwa jinsi ulivyokieleza na kwa umri wako, inawezekana sana ni kitu tofauti kabisa na kile cha dada yangu. Wasichana wa miaka kama 15 mpaka 35 wanapata sana uvimbe unaoitwa faibroadenoma. Ni nyama ya tezi ya titi na nyuzinyuzi zake zimekua pamoja zikafanya kidonge, laini pembeni, kigumu kiasi kama mpira, ukikibonyeza kinakimbia chini ya kidole, ndo mana madaktari wa zamani walikipa jina la panya wa titi. Sio saratani. Wengi wanaishi nacho bila kukatwa, kingine kinanywea chenyewe, kingine kinabaki vile vile miaka. Lakini mwanangu sikiliza, mimi sijakigusa, wala wewe kidole chako hakina macho. Kuna uvimbe mwingine unaofanana nacho unaokua kwa kasi, na saratani kwa wasichana wa miaka ishirini na kitu ni nadra ila ipo, nimewaona. Kwaiyo kivimbe chochote kwenye titi, kiume kisiume, kiteleze kisiteleze, kinatakiwa kishikwe na mtu aliyesomea na kipigwe picha angalau mara moja, kijulikane jina lake. Chako kimekaa toka mwaka jana bila jina.

Sasa tuje kwenye maumivu yenyewe, na hapa nina habari ya kukupunguzia presha. Maumivu ya matiti yote mawili, yanayokuja wiki moja au mbili kabla ya hedhi, yanayokaa zaidi juu na pembeni kuelekea kwapani, alafu hedhi ikishuka yanapoa, hayo ni ya homoni. Yai likishatoka kwenye ovari (kifuko cha mayai), homoni zinapanda, tezi za titi zinavimba zinashika maji kama zinajiandaa kwa mtoto ambaye hajaja, na ngozi inavutika. Wanawake wengi sana wanayapata, wengine kidogo tu wengine mpaka wanashindwa kumkumbatia mtu, na kuna miezi yanazidi, hasa ukiwa na stresi, hulali, au umebadilisha dawa za uzazi wa mpango. Maumivu ya namna hiyo yenyewe peke yake, bila uvimbe bila kitu kingine, ni mara chache sana kuwa saratani. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi iko kimya. Ndo mana nakuambia umeogopa upande mmoja ukasahau upande wa pili.

Ila mwezi huu wako ni tofauti, na wewe mwenyewe umeona. Hedhi imechelewa siku 9, matiti yanauma mfululizo, chuchu zinawaka. Kabla ya dawa yoyote, kabla hata ya kwenda hospitali, kesho asubuhi nunua kipimo cha mimba cha mkojo pale famasi, tumia mkojo wa kwanza ukiamka, soma majibu kwa muda walioandika kwenye paketi sio baada ya masaa. Sikuhukumu mwanangu, nakuuliza kama nesi. P2 inaweza kuvuruga hedhi ikawahi au ikachelewa, na inaweza kuumiza matiti, mana yenyewe ni homoni kwa dozi kubwa. Lakini pia haizuii kila mimba, hasa ukichelewa kuimeza, na haikulindi kwa tendo la kesho yake. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki baada ya P2 unapima, haijalishi unajiamini vipi. Ikisoma hasi na hedhi bado haiji, rudia baada ya wiki moja. Ikisoma chanya usikimbilie vichochoroni kwa watu wa vidonge, nenda kituo cha afya, alafu niandikie tena, milango yangu iko wazi usiku na mchana na sitakugombeza.

Na kama haisomi mimba, basi ukae na mtoa huduma wa uzazi wa mpango akushauri njia ya kawaida ya kuendelea nayo, P2 ni ya dharura, mara mbili kwa mwezi mmoja mwili unayumba. Akikupa kijiti au sindano au vidonge mwambie kabisa matiti yanakusumbua, mana njia za homoni nazo miezi ya mwanzo zinaweza kuyajaza, kwa wengi inatulia baada ya miezi kama 3. Na kondomu endelea nayo, kuna magonjwa yasiyopimwa kwa kile kijiti cha mkojo.

Dawa uliyoniomba sasa. Kubwa kuliko vidonge ni sidiria. Najua utacheka. Mabinti wengi mnavaa saizi mliyovaa fomu two, kikombe kinakata ziwa katikati, mkanda wa mgongoni umepanda juu mpaka shingoni na mabega ndo yanabeba mzigo wote. Nunua inayoshika vizuri chini ya ziwa, mkanda wa mgongoni ukae usawa na wa mbele, na siku zile mbaya lala na sidiria laini ya michezo isiyo na waya, ziwa lisiningʼinie. Begi livae mgongoni mikanda yote miwili. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu sawa, cha baridi pia sawa, angalia kipi kinakutuliza, ila yale maji ya kuunguza na kuchua kwa nguvu acha, unajeruhi nyama iliyovimba tayari. Parasetamo vidonge 2 vya 500 kwa wakati mmoja inasaidia, usizidishe vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni na jeli ya diklofenaki ya kupaka pale panapouma zinafanya kazi vizuri, lakini usiziguse mpaka uwe na uhakika huna mimba, na ibuprofeni usimeze kama una vidonda vya tumbo wala usimeze na njaa.

Vile vidonge vya rangi mbili mwanangu usirudie. Ile mara nyingi ni antibayotiki, inaua bakteria, na maumivu yako hayajaletwa na bakteria. Ukimeza antibayotiki siku 3 ukaacha, hujitibu kitu, unawafundisha tu wadudu wengine mwilini kuizoea dawa, siku ukiihitaji kweli isikusaidie. Antibayotiki kwenye titi ina kazi yake pale titi moja limekuwa jekundu, la moto, limevimba, una homa na kutetemeka, hiyo mara nyingi ni kwa mama anayenyonyesha ila hata asiyenyonyesha anaweza kupata, na hapo haungoji kesho, unaenda siku hiyo hiyo mana panaweza kutunga usaha wakalazimika kupatoboa. Na ikitokea umemaliza dozi nzima titi likabaki jekundu na limevimba, unarudi ukawaambie halijapona, usinunue dozi nyingine kimya kimya.

Rumeti wako anakupenda, najua, ila simu na hela kwenye sidiria hazileti saratani. Ningekuwa naamini hivyo nusu ya wamama wa sokoni Majengo tungewakuta Ocean Road. Toa simu humo kwa sababu inakubana na inakuunguza jasho, sio kwa sababu nyingine. Kulala na sidiria hakuleti. Kushikwa na mpenzi hakuleti. Ukigongwa kwa nguvu ziwani, mfano ajali au kipigo, panaweza kuvilia na mafuta ya titi yakaganda yakafanya kidonge, hicho nacho kinapimwa, ila sio saratani iliyotoka kwenye kipigo. Na kuna moja ambalo hujaniandikia lakini utalisikia tu, kwamba uvimbe ukichomwa sindano au kuguswa na kisu unakasirika unasambaa. Hilo neno limeua watu. Wanakimbia kipimo, wanaenda kupakwa majani na kuchanjwa chale juu ya uvimbe, wanarudi baada ya mwaka uvimbe umepasuka.

Bibi yako hakurogwa, mwanangu. Kile kidonda unachokikumbuka, na ile harufu, ni saratani ya ziwa iliyokaa muda mrefu bila matibabu mpaka ikatoboa ngozi. Yule mke mwenzie alibeba lawama ambayo haikuwa yake, na bibi akakosa hospitali. Haimaanishi na wewe utaugua, wanawake wengi wanaopata ugonjwa huu hata hawana ndugu aliyeugua, na wengi wenye ndugu aliyeugua hawaupati. Ila ni habari ambayo daktari anaihitaji. Muulize mama kwa upole, bibi alianza kuumwa akiwa na umri gani, ni ziwa moja au yote, na kuna shangazi au mama mkubwa mwingine aliyeugua ziwa au ovari, upande wa baba pia uhesabu, watu husahau upande wa baba. Kama aliugua kabla ya miaka 50, au wako zaidi ya mmoja, daktari atataka kukufuatilia kwa karibu. Na huenda mama naye akakuambia kitu chake anachokificha, mana huyo aliyekufa ni mama yake mzazi.

Vitu ambavyo ukiviona hungoji mwezi uzunguke ni hivi, nakuandikia kama ningekuwa nimekaa na wewe kitandani hapo hosteli: uvimbe mgumu kama jiwe usiosogea, au umeshika ngozi, au unakua; ngozi ya titi imebonyea sehemu au ina vishimo vya ganda la chungwa; chuchu iliyokuwa nje imeanza kuingia ndani (iliyozaliwa ndani toka utotoni haina neno); chuchu ina ukurutu na vidonda visivyopona ukipaka mafuta; majimaji au damu yanatoka yenyewe kwenye chuchu moja bila kukamua; titi moja limebadilika saizi ghafla; mtoki usioisha kwapani au juu ya mfupa wa kola (ule wa chini ya shingo). Maumivu nayo yana yake: yakiwa titi moja, sehemu moja ile ile unayoweza kuigusa kwa kidole, mwezi mzima hayajali hedhi, nenda. Kwapani kuna kitu kingine kinawatisha mabinti, mtoki baada ya kunyoa na wembe, au nyama ya titi iliyojificha kwapani toka kuzaliwa nayo inavimba na hedhi kama wenzake. Navyo vionyeshe tu, dakika 2 zimeisha.

Wewe una kivimbe, kwaiyo wewe ni wa kwenda, sio wa kusubiri dalili nyingine.

Na hapa narudi kwa yule kaka wa zahanati. Alikosea vibaya, na mwenzake aliyecheka alikosea. Nimefundisha wanafunzi wa unesi na kitu cha kwanza tulikuwa tunawaambia ni kwamba mwanamke akishafungua kifungo cha blauzi mbele yako amekupa dhamana kubwa. Una haki ya kusema "naomba nihudumiwe na mwanamke". Kama hayupo, una haki ya kusema "naomba sista asimame hapa ndani wakati unanipima". Sema mapema, dirishani unapochukua faili, sio ukiwa umeshalala kitandani. Hakuna atakayekushangaa, na akikushangaa muombe mganga mfawidhi au uende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hiyo. Na usirudi kusema unaumwa kichwa. Sentensi ya kwanza ukikaa iwe "nina uvimbe titi la kushoto toka mwaka jana, na bibi yangu alifariki na saratani ya ziwa". Ukianza na maumivu watakupa panadoli tena. Ukianza na uvimbe mazungumzo yanabadilika.

Nikueleze kitakachotokea ili usiende kipofu. Atakuuliza hedhi ya mwisho lini, dawa gani umetumia, P2 umwambie. Atakuomba ukae umevua juu, uinue mikono, ushike kiuno, anaangalia tu kama matiti yanavutika sawa. Alafu unalala, mkono chini ya kichwa, anatumia matumbo ya vidole vyake vitatu anazunguka polepole titi zima, kwapani, na juu ya mfupa wa kola. Anapima yote mawili hata kama moja ndo lina tatizo. Isiume, ikiuma sema. Baada ya hapo kwa umri wako wataanza na altrasaundi sio mamogramu (eksirei ya titi), mana titi la msichana limejaa tezi, kwenye mamogramu linaonekana jeupe tupu na uvimbe nao mweupe, hawauoni vizuri. Altrasaundi ni kale kamashine kanakotumika kwa wajawazito, wanakupaka jeli ya baridi wanapitisha juu ya titi, haina mionzi na hata kama utakuwa na mimba haina shida.

Wakiona picha hairidhishi, au wanataka uhakika, watakuchoma sindano kuvuta chembechembe au kuchukua kinyama kidogo baada ya kukutia ganzi. Utasikia kama umebanwa, utatoka na plasta na pengine alama ya bluu siku kadhaa. Kinyama kinaenda maabara, majibu yanachukua siku. Ulizia tarehe ya majibu kabla hujatoka pale na uiandike kwenye simu, mana nimeona kwa macho yangu karatasi za majibu zimekaa kwenye droo hazina mwenyewe, mtu alichomwa sindano akapata nafuu ya moyo akaenda zake shamba. Usiwe wewe. Na karatasi zote zitunze kwenye bahasha moja, picha ya mwaka huu ndo watailinganisha na ya mwakani.

Wakikuambia ni faibroadenoma na ni ndogo, watakupangia kurudi kuangaliwa baada ya miezi kadhaa. Ikikua haraka, ikizidi kama sentimita 3, au ikikukosesha raha tu, inatolewa kwa operesheni ndogo na kwa kawaida haikuzuii kunyonyesha baadaye.

Uko Dodoma, na hilo ni bahati. Anza na kliniki ya chuo au kituo cha afya kama kadi yako ya bima inataka rufaa, wakuandikie kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ikibidi zaidi ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo hapo mjini. Huna haja ya kusafiri Dar. Ungekuwa unasubiri kupima maumivu tu ningekuambia nenda siku kama 7 hivi baada ya hedhi kuanza, titi linakuwa limetulia linapimika vizuri, na siku hizo hizo kila mwezi ndo ulizoee titi lako mwenyewe ukiwa unaoga na sabuni mkononi. Lakini hedhi yako hatujui iko wapi na kigololi kina mwaka, kwaiyo usisubiri. Wiki hii.

Kuanzia leo pia weka alama kwenye kalenda ya simu, siku matiti yanauma na siku hedhi inashuka, miezi 2 au 3, maumivu madogo nukta moja makubwa nukta tatu. Ukimuonyesha daktari hiyo kalenda amemaliza nusu ya maswali.

Mwambie rumeti wako akusindikize, yule yule aliyekutisha na simu, akae nje ya mlango akushikie begi. Nenda asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, kipimo cha mkojo ukiwa umeshakifanya, na uvae blauzi ya vifungo na sketi, sio gauni, ili wakikuambia uvue juu usilazimike kuvua lote, na chukua kanga moja kwenye begi ya kujifunika wakati unasubiri.